Mchujo Ndani ya Fuvu

Katika udongo wenye unyevu huishi mnyoo wa urefu wa milimita moja ambaye pengine hakuna mnyama aliyechunguzwa kwa undani kumshinda. Jina lake ni Caenorhabditis elegans. Mwaka 1986 John White, Sydney Brenner na wenzao wa Cambridge, Uingereza, walichapisha ramani ya mfumo wake mzima wa neva: seli 302, kila moja na jina lake, kila uzi umeonyeshwa unakotoka na unakoishia. Chukua mnyoo mwingine wa aina hiyo na mchoro wake utakaribiana sana na ule wa kwanza. Jeni zimetoa maagizo na maagizo yamefuatwa.

Binadamu ana seli za neva bilioni 86 hivi. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2009 na Suzana Herculano-Houzel na wenzake wa Brazili, ambao hawakujisumbua kusaka seli moja moja kwenye vipande vya ubongo. Waliusaga ubongo hadi ukawa rojo, wakalikoroga vizuri, kisha wakahesabu viini vya seli vilivyokuwa vikielea katika matone machache. Seli hizo hushikana kwa maungio madogo yanayoitwa sinepsi, na jumla ya maungio hayo huhesabiwa kwa matrilioni. Sasa tugeukie jeni. Mnyoo wetu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Binadamu naye ana 20,000 hivi.

Hapo hesabu inagoma. Jeni za idadi hiyo zinatosha kupanga seli 302. Haziwezi kuandika anwani ya kila uzi katika ubongo wa mtu. Na hata kwa viumbe wadogo maagizo huacha mapengo. Mwaka 1973 Eduardo Macagno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walimchunguza kiroboto-maji, kidudu ambacho jike lake huweza kuzaa bila dume, hivyo watoto wote huwa nakala ya mama yao. Walipolinganisha seli zile zile za mfumo wa macho kwa nakala hizo, waliona kuwa shina la seli lilikuwa mahali pake, lakini matawi yalitofautiana kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Jeni zilikuwa zile zile.

Nani basi humalizia kazi ambayo jeni zimeiacha njiani? Jibu ambalo wengi hulitoa bila kufikiri sana ni kwamba dunia ndiyo inayofundisha: mtoto huzaliwa na ubongo mweupe, nao mazingira huuandika. Jibu la pili ni gumu kidogo kumeza. Linasema ubongo hauandikwi. Kwanza hujitengenezea maungio mengi kupita mahitaji, mengine ya hovyo kabisa, kisha maisha huyachuja. Yanayofaa hubaki na kuimarishwa, yasiyofaa hufutwa. Ni hoja ya Charles Darwin, ila imehamishwa kutoka mbugani na kuingizwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Lazima tutenganishe mambo mawili hapa. Mageuko yakitajwa, msomaji wa Afrika Mashariki hukumbuka Bonde la Oldupai, yalikofukuliwa mwaka 1960 mabaki ya kiumbe ambaye miaka minne baadaye Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa jina Homo habilis, mwenye ubongo uliokaribia nusu ya wetu. Mamilioni ya miaka ya mchujo huo wa vizazi ndiyo yaliyolipanua fuvu. Mchujo unaozungumziwa katika sura hii hauhitaji vizazi. Huanza mimba ikiwa changa na huendelea hadi mtu anapopita miaka ya ishirini.

Ajabu ni kwamba wazo lenyewe halikuanzia kwa wataalamu wa ubongo. Lilianzia kwa watafiti wa kinga ya mwili.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 watafiti hao walikuwa na fumbo lao. Mwili huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya karibu kitu chochote, hata kemikali iliyobuniwa maabara jana, ambayo hakuna babu wa mtu yeyote aliyewahi kukutana nayo. Unajuaje umbo la adui ambaye hajawahi kuwapo? Mwaka 1940 mwanakemia Linus Pauling alijibu kwamba kingamwili hujikunja kulifuata umbo la adui aliyeingia, kama fundi cherehani anayempima mteja na kumkatia kitambaa papo hapo. Jibu lilikuwa zuri, tena la mtu mwenye sifa kubwa. Lilikuwa si sahihi.

Mwaka 1955 Niels Jerne wa Denmark alitoa jibu lililolipindua. Alisimulia mwenyewe kwamba lilimjia jioni moja akitembea kurudi nyumbani Copenhagen, na kwamba kiunzi chake chote kilikuwa kimesimama kabla hajamaliza kuvuka daraja la Knippelsbro. Hakuna fundi, alisema. Kuna mtumba. Mwili tayari una kingamwili za maumbo mengi mno, zimetengenezwa bila kumwona mteja. Adui anapoingia hujaribishwa moja baada ya nyingine hadi ipatikane inayomkaa, na hiyo ndiyo huzalishwa kwa wingi. Miaka miwili baadaye Frank Macfarlane Burnet wa Australia alikamilisha hoja hiyo kwa kuonyesha kwamba kinachochaguliwa ni seli inayobeba kingamwili ile: hiyo ndiyo huongezeka na kuzaa seli zinazofanana nayo.

Jerne hakuishia kwenye damu. Mwaka 1967 aliandika makala akiuliza kama ubongo nao haujifunzi kwa njia hiyo hiyo. Alikumbusha kwamba mara nyingi katika historia ya biolojia jambo lilidhaniwa kuwa ni mafundisho, na baada ya uchunguzi likaonekana kuwa ni uchaguzi. Lamarck alidhani twiga hurefusha shingo kwa kujinyoosha. Darwin akaonyesha kwamba hapana anayejinyoosha, kuna wanaobaki na wasiobaki.

Aliyelichukua swali hilo na kulifanya kazi ya maisha alikuwa Gerald Edelman. Alizaliwa New York mwaka 1929, mtoto wa daktari, na ujanani alijifunza fidla kwa bidii kiasi cha kufikiria kuifanya kazi. Akaishia kuwa daktari wa jeshi la Marekani mjini Paris, na huko akasoma kitabu cha kinga ya mwili kilichoeleza mengi kuhusu maadui na machache mno kuhusu kingamwili zenyewe. Akaamua kuliziba pengo hilo. Alilifumbua umbile la kingamwili, na mwaka 1972 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Rodney Porter. Watu wengi wangetosheka hapo. Edelman akahamia kwenye ubongo, akiwa na kiburi cha mtu aliyekwisha kushinda mara moja, na mwaka 1987 akatoa kitabu kinene kisichosomeka kwa urahisi, *Neural Darwinism*.

Hoja yake ilikuwa na ngazi tatu. Kwanza, ubongo unapojijenga hutoa makundi ya seli yenye tofauti nyingi, hata kwa mapacha wa kufanana. Pili, uzoefu huimarisha maungio ya makundi yanayoitikia vizuri na kuyadhoofisha mengine. Tatu, makundi hayo hubadilishana ishara bila kukoma, kwenda na kurudi, hivyo eneo linaloshughulikia rangi, lile la umbo na lile la mwendo hufanya kazi kwa pamoja bila kuwa na bosi. Katika picha hiyo hakuna mtu mdogo aliyekaa kwenye kiti ndani ya kichwa akitazama sinema ya ulimwengu. Akili ni kile kinachotokea makundi hayo yanapokubaliana kwa muda.

Nadharia bila ushahidi ni porojo, na ushahidi wa ngazi ile ya kwanza ulikuwa umeanza kukusanywa zamani, katika mazingira ya dhiki. Mwaka 1938 sheria za ubaguzi za serikali ya Mussolini ziliwafukuza Wayahudi kwenye vyuo vikuu vya Italia. Rita Levi-Montalcini, daktari kijana wa Turin, aliweka maabara chumbani kwake na kuendelea na utafiti kwa mayai ya kuku. Mabomu yalipozidi familia ikahamia vijijini, na maabara ikahama nayo. Alikuwa akirudia jaribio la Mjerumani Viktor Hamburger, ambaye mwaka 1934 alikata chipukizi la bawa la kifaranga kilichokuwa bado ndani ya yai na kuona kwamba seli za neva zilizopaswa kulihudumia zilikuwa chache. Hamburger alidhani seli hizo hazikuzaliwa. Levi-Montalcini aligundua kuwa zilizaliwa, zikanyoosha nyuzi zake kuelekea kwenye bawa, zikalikosa, zikafa.

Baada ya vita Hamburger alimwalika St. Louis, Marekani, kwa muhula mmoja. Alikaa kwa miongo. Kazi yao ilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: hata kifaranga asiyeguswa hupoteza karibu nusu ya seli za neva za uti wa mgongo zilizozaliwa kwa ajili ya kuendesha misuli ya mguu. Hazifi kwa ugonjwa. Zinazalishwa nyingi, zinashindania nafasi, na zinazokosa nafasi huondoka. Baadaye iligunduliwa protini inayotolewa na tishu kwa kiasi kidogo ili kuzilisha baadhi ya neva zinazoifikia, na ugunduzi huo ulimpa Levi-Montalcini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986 akiwa na Stanley Cohen.

Hata seli zilizobaki hazipumziki. Panya mchanga anapozaliwa, kila uzi wa msuli wake huwa umeshikwa na neva kadhaa. Katika wiki mbili hivi za kwanza neva hizo hunyang'anyana uzi huo hadi abaki mshindi mmoja. Jeff Lichtman na wenzake wamelitazama pambano hilo kwa hadubini ndani ya panya walio hai, siku baada ya siku, na wakaona neva zilizoshindwa zikijiondoa taratibu. Mwaka 2012 Stephen Turney na Lichtman walikwenda mbali zaidi: wakampiga mshindi kwa mwale wa leza akafa. Aliyekuwa ameanza kurudi nyuma akageuka, akalichukua eneo lote. Ukiacha kwamba hayo yote yanatokea kwenye nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi, ni siasa za jimbo zinazofahamika.

Kwa binadamu hesabu ilifanywa na Peter Huttenlocher, daktari wa neva za watoto huko Chicago. Mwaka 1979 alichapisha matokeo ya kuhesabu sinepsi kwa hadubini ya elektroni katika sehemu ya mbele ya ubongo wa watu 21 waliofariki, kuanzia mtoto mchanga hadi mzee wa miaka 90. Msongamano wa sinepsi ulipanda hadi kilele mtoto akiwa na mwaka mmoja au miwili, ukiupita wa mtu mzima kwa karibu nusu. Kisha ukashuka hadi umri wa miaka 16 hivi. Utafiti wa Zdravko Petanjek na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulisogeza tarehe mbele: upunguzaji katika eneo hilo huendelea hadi mwongo wa tatu wa maisha. Mzazi anayelalamika kwamba kijana wake wa miaka 19 hajakomaa hana kosa, ingawa kijana naye sasa ana kisingizio.

Hapa ndipo mchujo wa vizazi unapokutana na mchujo wa maisha. Sokwe huzaliwa akiwa na karibu asilimia 40 ya ukubwa wa ubongo atakaokuwa nao utu uzimani. Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na chini ya theluthi. Sehemu kubwa ya ubongo wetu hujengwa nje, penye mwanga, sauti, mikono ya watu, maneno na vurugu. Mageuko ya vizazi hayakuipa spishi hii ubongo uliomalizika. Yaliipa muda mrefu wa kuumalizia.

Muda huo una mwisho, na hilo lina uzito wake hospitalini. Mwaka 1963 David Hubel na Torsten Wiesel waliripoti kwamba paka mdogo aliyeshonwa ukope wa jicho moja kwa wiki kadhaa baada ya kuzaliwa hulipoteza jicho hilo, ingawa lenyewe ni zima. Lililoharibika ni eneo la kuona nyuma ya ubongo: seli zake zilikuwa zimeacha kulisikiliza, zikakabidhi eneo kwa jicho lililo wazi. Paka mzima akifanyiwa hivyo hapati dhara. Mwaka 1965 wakaongeza jaribio ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo lenye akili zaidi katika mfululizo wote. Walifunga macho yote mawili. Kama shida ni ukosefu wa mwanga tu, hali ilipaswa kuwa mbaya maradufu. Haikuwa hivyo, seli nyingi ziliendelea kuitikia macho yote mawili. Jicho lililofungwa peke yake liliangamizwa na jirani yake zaidi ya giza.

Mtoto anayezaliwa na mtoto wa jicho yuko katika hali ya paka yule. Ndiyo maana madaktari wa macho hutaka ukungu mzito uondolewe ndani ya wiki chache za kwanza, hasa kama ni wa jicho moja. Hospitali kama KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam huwafanyia watoto upasuaji huo, lakini utafiti kuhusu watoto wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wengi hufikishwa wakiwa wamechelewa mno. Mboni ikishasafishwa mzazi hutarajia muujiza, na mtoto huendelea kupapasa. Jicho limefunguliwa, lakini ndani nafasi imeshachukuliwa. Hata hivyo mlango haufungwi kabisa. Nchini India Pawan Sinha na wenzake wamewafuatilia watoto waliofanyiwa upasuaji wakiwa na miaka mingi, na wengi wamejifunza kutambua vitu na nyuso, ingawa ukali wa kuona haukufikia wa wenzao.

Masikio nayo huchujwa. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 wanaokua katika nyumba za Kiingereza hutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii. Wanapofika miezi 10 hadi 12 wengi wameshaipoteza tofauti hiyo. Utani wa kura na kula, unaojulikana vizuri Kenya, una asili yake hapa: Kikuyu hakitenganishi l na r, na ubongo wa mtoto hauna sababu ya kutunza tofauti isiyotumika nyumbani. Si ulimi mzito wala uzembe wa shule.

Ila sauti nyingine zinakataa kuifuata kanuni hiyo. Catherine Best na wenzake waliwasikilizisha Wamarekani sauti za kidoko za Kizulu mwaka 1988, na hata watu wazima ambao hawakuwahi kuzisikia walizitofautisha bila shida. Huenda hali ingekuwa hiyo hiyo kwa vidoko vya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi au vya Wasandawe wa Dodoma. Maelezo ya Best ni kwamba vidoko haviingii kabisa katika eneo la sauti za Kiingereza, hivyo hakuna mshindani wa kuvifuta. Kinachoua tofauti ni ushindani, kutotumika peke yake hakutoshi. Mtu akisoma jaribio hili baada ya lile la macho mawili ya paka atagundua kwamba yanasema jambo moja.

Ndege wana la kuongeza. Peter Marler na Susan Peters waliwalea shomoro wa vinamasi wa Amerika Kaskazini na kurekodi kila walichoimba tangu wadogo. Mwanzo wa ngoma ni lele: makinda yalifanya mazoezi kwa nyimbo nyingi kuliko yatakazohitaji, kisha, kabla ya kukomaa, yakazitupa nyingi na kubaki na chache. Mchujo haukufanyika kwenye seli tu. Ulisikika kwa sikio.

Lakini kila mchujo huhitaji kigezo. Katika kinga ya mwili kigezo ni kushikamana: kingamwili ama inamkaa adui ama haimkai. Ubongo unapimwa kwa nini? Edelman alijibu kwa neno thamani. Wanyama huzaliwa na mifumo michache ya kale, iliyochongwa na mageuko ya vizazi, inayotangaza ubongoni kote kwamba kilichotokea sasa hivi kilikuwa kizuri au kibaya: joto, shibe, uchungu, utamu. Maungio yaliyokuwa yakifanya kazi wakati tangazo linatoka huimarishwa. Miaka ya 1990 Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini za nyani wanaopewa matone ya maji ya matunda na kukuta kitu cha aina hiyo, chenye ujanja zaidi: seli hulipuka utamu unapozidi matarajio, na hunyamaza pale ulioahidiwa usipokuja.

Kuthibitisha kwamba mambo hayo yanatosha kuzaa tabia, taasisi ya Edelman huko San Diego ilijenga mashine ilizozipa jina la Darwin na namba. Darwin VII ilikuwa roboti yenye kamera na kishikio, ikizurura kwenye sakafu iliyotawanywa vibao vyenye madoa au mistari. Vibao vingine vilikuwa na ladha nzuri na vingine mbaya, ladha ikiwa ni namna vinavyopitisha umeme. Hakuna aliyeiandikia programu kwamba madoa ni mabaya. Ilipewa maungio mengi, thamani mbili na muda wa kuranda. Baada ya muda ikaanza kuvikwepa vibao vibaya kwa kuviona tu.

Wapinzani hawakukosekana. Mkubwa wao aliishi La Jolla, San Diego: Francis Crick, mmoja wa waliofumbua umbile la DNA, ambaye naye alikuwa amehamia kwenye ubongo. Mwaka 1989 aliandika uhakiki mrefu uliobeba kejeli kwenye kichwa chake, akipendekeza kwamba nadharia hiyo iitwe kwa jina la Edelman badala ya la Darwin. Chini ya kejeli kulikuwa na hoja nzito. Uteuzi asilia una miguu mitatu: tofauti, uchaguzi, na urithi. Kinachochaguliwa ni lazima kizae kinachofanana nacho, ili tofauti mpya zijengwe juu ya ushindi wa jana. Seli ya kinga inayochaguliwa huzaa seli nyingine. Neva iliyochaguliwa haizai. Mtumba wa ubongo una nguo nyingi, mteja anajaribu na kuchagua, lakini hapana kiwanda cha kushona nyingine za mtindo ule ule.

Crick alikuwa na haki, na wafuasi wa Edelman hawajalijibu swali hilo kwa ukamilifu. William Calvin alipendekeza kwamba mifumo ya milipuko ya seli hujinakili kutoka kipande kimoja cha gamba la ubongo hadi kingine. Chrisantha Fernando na Eörs Szathmáry nao walikuja na hoja ya nakala za ubongoni. Hayo ni mapendekezo zaidi ya ugunduzi. Pigo jingine lilitoka kwa Dale Purves na, mwaka 1997, kwa Steven Quartz na Terrence Sejnowski, waliokumbusha kwamba ubongo haupogoi tu. Unachipua pia, na mara nyingi huchipua pale hasa panapotumika sana. Michael Merzenich alikuwa ameonyesha kwamba nyani akikatwa kidole, eneo la ubongo lililokuwa la kidole hicho huvamiwa na majirani zake. Huo ni ushindani, lakini pia ni ukuaji.

Kwa hiyo neno la Darwin linakaa vizuri katika ujenzi wa ubongo na linapwaya katika fikra za dakika hii. Mtu anayetafuta neno la kumjibu mkwewe labda anachagua kati ya majibu kadhaa yanayoshindana kichwani. Hakuna aliyethibitisha kwamba majibu hayo huzaana.

Wakati wabishi wakiendelea kubishana, uthibitisho mmoja ulikuja kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2007 Beth Stevens na Ben Barres waliripoti kwamba sinepsi za panya zinazopaswa kuondolewa hubandikwa protini inayoitwa C1q. Watafiti wa kinga walikuwa wakiijua C1q kwa miongo mingi: ndiyo inayoishika kingamwili iliyomnasa bakteria na kuita askari waje kumla, na kingamwili ndiyo molekuli iliyompa Edelman tuzo yake. Mwaka 2012 Dorothy Schafer, Stevens na wenzao wakaonyesha nani hula sinepsi zilizowekwa alama: ni maikroglia, seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo. Jerne na Edelman walikuwa wameazima wazo kutoka kwenye kinga ya mwili kwa sababu mambo hayo mawili yalifanana. Kumbe ubongo ulikuwa umeazima vyombo vyenyewe. Edelman alifariki mwaka 2014, kwa hiyo matokeo hayo yote mawili yalitoka akiwa bado hai.

Yaliyofuata hakuyaona. Tangu mwaka 1982 Irwin Feinberg alikuwa amedai kwamba skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini, huenda ni mchujo uliokosea kipimo. Mwaka 2016 Aswin Sekar, Steven McCarroll, Stevens na wenzao walichambua data ya jeni za watu karibu 65,000, wenye ugonjwa na wasio nao, wakaikuta jeni ya C4, ndugu wa C1q katika mlolongo ule ule wa kinga. Watu wenye aina za C4 zinazotoa protini nyingi zaidi ubongoni walikuwa na hatari iliyoongezeka kidogo, na panya walionyimwa jeni hiyo walichuja sinepsi chache kuliko kawaida. Si jeni ya wazimu; wengi wanaoibeba ni wazima, na mamia ya sehemu nyingine za vinasaba huchangia. Lakini kwa mara ya kwanza dhana ya Feinberg ilipata molekuli ya kuelekezea kidole.

Data hiyo kwa sehemu kubwa ilitoka kwa watu wa asili ya Ulaya, ilhali tofauti nyingi zaidi za vinasaba vya binadamu ziko Afrika. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya sampuli za mate kutoka kwa makumi ya maelfu ya watu nchini Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, kwa ushirikiano wa taasisi zikiwamo Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret, KEMRI-Wellcome Trust ya Kilifi na Chuo Kikuu cha Makerere. Kati ya watu hao wapo waliolazwa na waliokuja kliniki kwa saikosisi, na wapo waliokuja hospitalini kwa mambo mengine, waliokubali kutema mate ili walinganishwe nao. Watu hao ndio watakaosaidia kuonyesha kama C4 huchuja kwa kipimo kile kile kila mahali, au kama kuna jeni nyingine katika mlolongo huo ambazo sampuli za Ulaya hazikuweza kuzionyesha.